Udongo wa Babu Mungai

Sebule ya Njambi huko Muthangari ilianza kunuka sweta la sufu lililolowa mvua, na kiangazi kilikuwa kimekausha hadi mabomba. Alifua mapazia, akaanika mazulia. Harufu haikubanduka kando ya chungu chenye udongo wa kaburi la babu.

Babu huyo, Mungai, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyemchukua akaenda naye Wales, na babu akafia huko mashambani. Waithaka, kakake Njambi aliye kazini Uingereza, ndiye aliyetumwa kulitafuta kaburi na kuleta udongo uzikwe Kangemi, kwa ukoo. Njambi aliupokea kwenye uwanja wa ndege, na kama desturi ilivyotaka akausemesha njia nzima ili roho isipotee: "Mungai, twende nyumbani."

Aliyepatwa ni mwanawe mdogo, aliyebeba jina la babu. Jioni moja Njambi alimkuta mbele ya chungu akinena kwa sauti ya mwanamume mzima, lugha asiyoijua mtu pale, akirudia jambo lile lile kama anayeuliza njia, huku maji yenye harufu ya majani yaliyooza yakimchuruzika miguuni, na alipomshika mkono, ulikuwa baridi hata ukamuuma.

Kivuva, mganga aliyeitwa kutoka Kangemi, aliunusa udongo akaurudisha haraka.

"Huyu si wenu," alinong'ona. "Mmemtoa kwake, na kwenu hakujui."

Njambi akampigia kakake.

"Waithaka, hilo kaburi uliliona?"

"Mengi hayana majina, Njambi. Na ilikuwa inanyesha mbaya. Nilichota tu udongo wa kaburi lililo karibu na geti."

"Na ukaniacha nimwite babu?"

"Si ni udongo tu."

Huyu ndiye ndugu aliyemtetea Njambi kila mara ukoo ulipomnung'unikia, naye amemletea mfu wa watu nyumbani akijua. Kivuva alisema aliyechota ndiye wa kuurudisha, kwa mkono wake. Waithaka akaahidi kupiga baadaye kidogo, kisha simu yake ikawa mteja, haipatikani tena.

Njambi alimkumbatia mtoto. Ndipo akaona mtoto amekwisha kuvaa viatu.

Chunguni ikatoka sauti, safari hii kwa Kiswahili, laini, yenye upendo. Ilikuwa sauti ya Njambi mwenyewe.

"Mungai, twende nyumbani."

Mtoto akajinasua mikononi mwake, akaitikia, "Naam, mama," akaelekea kwenye chungu.