Wateja Arobaini wa Emilian

Tovuti ilikutwa imekufa Jumatano alfajiri. Mama Severina aliileta kituoni Kiomboi ndani ya simu, ameishika kwa mikono miwili kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Shikamoo mama," Inspekta Dorika alimwamkia.

"Marhaba, mwanangu. Nimekwisha!"

Inspekta alizoea kesi za ng'ombe. Ya tovuti alikuwa hajawahi kuipata, na moyoni alifurahi, asiseme uongo. Akatazama. Weupe mtupu. Humo kikundi chake mama, Kikundi cha Asali cha Ulemo, kiliweka picha za mizinga, majina ya wateja na oda zote. Ijumaa wanunuzi wa Dodoma wangeifungua wachague wa kufanya naye biashara. Wakikuta weupe ule, akina mama ishirini na wawili wangebaki wanatazamana na ndoo zao.

"Nani anawahifadhia?"

"Emilian wa Misigiri, ana kampuni. Mwenyewe alinisihi nisome wateja wake wanasemaje. Arobaini, afande! Nyota tano kila mmoja. Ningekataaje?"

"Umempigia?"

"Tangu alfajiri. Hapokei."

Inspekta akasoma maoni. Yalikuwa matamu mpaka yanakera. Huduma bora sana. Kampuni bora sana. Hakuna aliyeeleza alisaidiwa nini, wala lini. Na wote arobaini waliandika Jumapili moja, mchana mmoja.

"Koplo Fabiano, umewahi kuona Watanzania arobaini wasio na lalamiko hata moja?"

"Labda makaburini, afande."

Halafu akafika kwenye maoni ya hoteli moja ya Pemba: "Tangu tupalilie alizeti hadi leo tunapura, tovuti yetu haijazimika."

"Ala! Hoteli ya ufukweni inapura alizeti?" Fabiano aliangua kicheko hadi kofia ikamdondoka.

"Anayehesabu miezi hivyo ni mtu wa huku kwetu," alisema Inspekta.

Chini kabisa ilikuwepo nyota moja pekee, ya Mwalimu Petro wa Tabora. Huyo alitaja tarehe, saa, na barua pepe tatu zisizojibiwa. Inspekta akampigia. Mwalimu alipokea papo hapo, akarudia yote bila kubabaika.

"Na nilichunguza kwa kuwapigia watu wa huko, afande. Kila umeme ukikatika Misigiri, tovuti ya shule yangu nayo inalala."

Alasiri walikuwa Misigiri. Mama Severina alikataa kata kata kubaki nyuma. Makao makuu ya kampuni yalikuwa chumba cha Emilian, na seva yake ilikuwa kompyuta moja chini ya kitanda, inanuka kuungua.

"Wateja wako wangapi?" aliuliza Inspekta.

"Arobaini na..."

"Wa kweli."

"Wawili. Mwalimu na mama hapa."

"Arobaini aliwaandika nani?"

"Mimi, afande. Karibu wote."

"Kilichoungua?"

"Pawa saplai, ile ya kuingizia umeme. Diski yenye kumbukumbu zote ni nzima. Nilishindwa kupokea simu kwa aibu."

Diski ilikwenda kwa fundi wa Kiomboi jioni ile ile. Alhamisi mchana tovuti ilikuwa hewani, kwenye kampuni nyingine, mizinga yote ikionekana. Mama Severina alipiga kigelegele katikati ya kituo cha polisi, na hakuna aliyemkataza.

Ndipo Inspekta akamgeukia Emilian, aliyekuwa ameitwa kituoni. "Sasa sababu. Kwa nini umdanganye mama wa watu?"

Emilian alitazama viatu vyake. "Nataka kuleta posa kwake, kwa binti yake Eliana. Nilisikia amesema hatoi binti kwa mtu asiye na kazi. Nikataka asome aone nina kazi. Sikujua atapenda hadi alete tovuti ya kikundi! Ningemkatalia vipi mkwe?"

Fabiano alijifanya anatafuta kalamu.

"Eliana wangu?" Mama Severina aliuliza polepole. "Anajua haya?"

"Ile ya Pemba aliandika yeye, mama."

Mama alikaa chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na ikawachukua wote muda kutambua kwamba anacheka.

"Mama, tumfungulie shitaka?" aliuliza Inspekta, naye akijizuia kucheka.

"Hapana." Alifuta machozi kwa kanga, kisha akamkazia kijana macho. "Posa ilete. Lakini safari hii maoni nitayakusanya mwenyewe, Misigiri nzima, nyumba kwa nyumba, na kila atakayekusifu nitamuuliza: lini, na alikuona ukifanya nini?"