Jeraha Dogo Pajani

Saa mbili asubuhi Mkaguzi wa wanyamapori, mwanamke kijana, alichuchumaa kando ya swala dume aliyekufa chini ya kichaka. Mshale ulikuwa umemgusa paja tu. Jeraha kama hilo humfanya mnyama achechemee siku kadhaa. Huyu hakufika mbali. Akakitazama kigumba, ncha ya mshale: kimepakwa kitu cheusi kinachonata. Sumu, na kibali cha kuwinda kwa upinde kiliipiga marufuku.

Kwa alama yake, mshale ulikuwa wa Seremala, mzee mstaafu aliyewinda na shemeji yake, muuza dawa za mitishamba. Mchana Mkaguzi aliwakuta wote wawili sebuleni kwa Seremala, mkewe akishona kwa cherehani.

"Sumu hiyo unayo dukani," Mkaguzi alimwambia shemeji.

"Ninayo, afande. Ila tangu nianze kuwinda sijapata hata sungura. Ningempaka nani?"

Hata Mkaguzi alicheka.

"Na wewe, mzee?"

"Binti yangu, anayetumia sumu si mwindaji, ni mwizi." Sauti ilimtetemeka kwa hasira, wala si kwa woga.

Mkaguzi akaomba podo la mishale. Kila kigumba kilikuwa kimevikwa kifuko cha kitambaa chenye ngozi ndani.

"Vifuko vizuri. Nani kashona?"

"Mama watoto, mwezi uliopita. Tena kanikataza kuvivua bila glavu."

Mkaguzi akageuka. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mama, kulinda podo, kitambaa kingetosha. Ngozi na glavu ni za kumlinda mtu."

Yule mama akashusha pumzi. "Niliichota sumu dukani kwa kaka yangu huyu, bila yeye kujua, nikaipaka mishale. Macho ya mume wangu yamekwisha na hataki kuambiwa. Mwaka jana tulimkuta swala ana mshale wake tumboni, hai bado, funza wamemjaa. Nikasema akikosea tena, mnyama asiteseke."

"Na kama mtu angejichoma? Au angekula nyama ya yule swala?"

"Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha."

"Sumu ilificha kosa la mkono, mama. Haikuliondoa."

Seremala akamgeukia mkewe, akauliza taratibu, "Mbona hukunizuia?"

"Nilikuzuia. Ukaniambia nishone nguo zangu."

Mzee akautungua upinde ukutani, akaulegeza uzi, akamkabidhi Mkaguzi pamoja na kibali. "Andika nimeacha mwenyewe."

Mkaguzi akachukua mishale yote, akampa mama onyo kali, na shemeji akaamriwa kuifungia sumu kwa kufuli. Jioni walirudi kichakani kumzika swala, mbwa wasije wakamla. Seremala akachimba huku akipiga mluzi.

"Afande," mkewe akanong'ona, "mluzi huo sijausikia tangu macho yaanze kumsumbua."