Barua ya Siti

"Usikae. Sema lililokuleta hapohapo uliposimama."

Haidari akabaki na vitenge vyake mkononi. Siti alikuwa uani kwa mama yake, kijijini Chumbi, akipepeta mchele. Hata uso hakuinua.

"Mke wangu, nimekuja kukuchukua. Kosa moja halivunji nyumba ya miaka sita."

"Litaje."

"Lipi?"

"Hilo kosa."

Haidari alilijua vizuri. Mwaka tisini na nne, barua ya Siti ya kuitwa chuo cha uuguzi ilifika dukani kwake Bungu, maana sanduku la posta lilikuwa lake. Aliifungua, akaisoma, akaichoma. Siti alisubiri miezi hadi akajiona mjinga asiyefaa kitu.

"Haikuwa riziki yako, mke wangu," Haidari alikuwa akimbembeleza.

Miaka minne baadaye, Mwanamina aliyesoma naye akarudi likizo, tayari muuguzi. Akamwuliza mbele ya wateja: "Shoga, mbona hukuripoti? Jina lako lilibandikwa ubaoni!"

Haidari alibanwa, akakiri. Siku hiyohiyo Siti akafunga nguo zake.

"Niliichoma kwa sababu nilikupenda," Haidari alisema sasa. "Niliogopa wanaume wa mjini."

"Hayo umewaambia watu wote. Mimi nataka uliyoyasema moyoni ulipoisoma."

Haidari akafungua mdomo aongope, uongo ukamkauka. Asubuhi ile, akingoja pantoni imvushe mto pale Ndundu, alikuwa amejiuliza swali hilohilo. Jibu lilimtia haya, nusura arudi alikotoka.

"Nilisema, huyu atarudi amenipita," akasema taratibu. "Ulipokuwa ukisoma gazeti dukani, watu wakikusikiliza wewe, mimi niliumia. Na siku ulipolia kwamba barua haikuja... Siti, nilifarijika."

Ungo ukatulia mikononi mwa Siti.

"Nilikulilia kifuani, wewe ukinipapasa kichwa."

"Ndiyo."

"Huku unafurahi."

"Ndiyo."

Siti akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia kweli."

"Basi turudi nyumbani. Nitakusomesha."

"Nimeshauliza. Umri umenipita. Na hata wangenipokea, nitaishije na mtu anayepata pumzi mimi nikizama? Nipe talaka yangu, Haidari."

Neno "sikuachi" lilishamfika Haidari kooni. Akamtambua aliyetaka kulisema: ni yuleyule aliyeichoma barua. Akashusha pumzi.

"Siti, nimekuacha. Talaka moja."

"Ahsante," Siti akasema. "Na vitenge vyako ondoka navyo."

Aliporudi Bungu, jirani yake Bushiri, fundi cherehani, alimdaka barazani.

"Mkeo yuko wapi?"

"Nimemwacha."

"Afadhali! Wanawake wakishajua kusoma, kiburi tu."

Zamani maneno hayo yangemtuliza. Angeitikia, wakacheka, yakaisha.

"Hapana, Bushiri. Siti hana kosa. Aliitwa chuo, mimi nikamchomea barua kwa wivu. Nikamwacha ajione mjinga miaka minne."

Bushiri akaacha kukanyaga cherehani. Akamtazama kama mgeni aliyeshuka kwenye basi, kisha akainamia kitambaa chake.

Haidari akasukuma mlango wa duka, akaingia peke yake.