Jini Lililotajwa Barazani

Ubani ulianza kunuka baruti. Mwantumu, fundi wa kupunga majini pale Ruaruke, alitia punje kwenye chetezo, moshi ukapanda mweupe kama siku zote, lakini harufu ilikuwa ya gobori lililolia sasa hivi. Akazifunga punje zilizobaki kwenye upindo wa kanga, akaenda kumgombeza Walji dukani.

"Umeniuzia nini wewe?"

Walji akanusa, akampa mkewe Dhanbai naye anuse. "Mama, ubani safi huu. Hata shetani anapenda."

"Wangu hapendi vya duka lako."

Alisema hivyo, lakini alikuwa anajua tangu harufu ya kwanza. Alitaka tu kosa liwe la Mhindi.

Msimu wa mpunga uliopita, Sadallah, mgonjwa wake wa zamani, aliomba kibali cha gobori. Viboko walikuwa wanalimaliza shamba lake bondeni, na yeye na mkewe Siti wanalinda kwa kupiga madebe juu ya dungu, kijumba cha nguzo ndefu. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, akataka kwanza kujua kama mwombaji ana akili zake timamu, akamtuma Jumbe Huseni aulize. Jumbe hapendi kutembea sana. Akaenda moja kwa moja kwa Mwantumu.

Kwa mafundi, neno la mgonjwa chini ya shuka nyeupe huishia chini ya shuka. Jini hutaja jina lake, likaahidiwa kwamba halitatolewa nje, likatulia. La Sadallah lilikuwa limetulia miaka. Mwantumu angesema "mzima", yakaisha. Lakini Jumbe alikuwa amekaa mkekani pake anamwita bingwa, na ulimi ukamwasha.

"Huyo ana jini," akasema, akalitaja na jina. "Likimpanda hamjui hata mkewe."

Jumbe akayamwaga barazani, mbele ya watu wote. Kibali hakikutoka. Mwezi haukuisha, kiboko aliziangusha nguzo za dungu, Siti akavunjika paja, na mfupa ukaunga upande. Watu wakasema ni mipango ya Mungu. Mwantumu, aliyeitwa kumkanda, akaitikia bila kumtazama mtu.

Sasa, baada ya ubani, ikaja sauti. Adhuhuri, jua la utosi, chini ya kitanda chake mtu alikuwa anashindilia baruti kwenye mtutu, taratibu, kah, kah. Akainama, hapana kitu ila vumbi. Siku ya pili sauti ikawa ukutani, na ya tatu ikamfuata kisimani na jikoni na kwenye mswala, ikipanda mgongoni pingili kwa pingili kama mtu mwenye subira anayejua mlango uko wapi, hata ikafika kooni na hapo ikanyamaza, na kunyamaza kule kukamtisha kuliko kelele zote.

"Mama," binti yake Mwanamina akanong'ona mlangoni, "ulikuwa unaongea na mwanamume gani humu?"

Mwantumu hakuwa ameongea. Akachukua shuka, akaenda kwa Sadallah.

"Mimi ndiye niliyelitaja," akasema.

"Tunajua, fundi," Siti akajibu, mguu kaunyoosha mkekani. "Jina lile tulilijua watu watatu tu."

"Mimi limeniacha tangu siku ya baraza," akasema Sadallah. "Nalala kama gogo."

"Basi liko kwangu. Nifunikeni."

Sadallah akamfunika. Sauti nzito ya kiume ikatoka chini ya shuka: "Mlinitoa nje hadharani. Nimehamia kwa aliyenitaja. Sitoki."

"Hodi humu." Alikuwa Jumbe Huseni.

Sadallah akasimama, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Bwana Shauri yu radhi kulitazama tena lile ombi lako," akasema Jumbe. "Nimeambiwa fundi yumo. Nataka nimuulize habari zako."

"Yumo. Anamkanda mke wangu."

"Ajibu huko huko. Fundi, Sadallah ni mzima?"

Neno lilikuwa moja tu, na Mwantumu alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini kooni mwake kitu kilikuwa kinajishindilia, na kinywa kikaanza kufunguka bila yeye. Siti akajikokota na mguu wake mbovu, akakiziba kwa kiganja juu ya shuka.

"Mzima, Jumbe," akajibu Siti, akiiga sauti kavu ya Mwantumu. "Mzima kabisa."

Jumbe akashukuru, akaenda zake. Siti hakuutoa mkono. Chini ya kiganja chake shuka ilikuwa inaungua, na harufu yake ilikuwa ya baruti.