Waya za Kusukwa

Jerusha ni jirani, na asiyeamini aende Lodwar amwulize mwenyewe. Siku hiyo alikuwa kwenye kibanda chake cha ususi, joto ni lile lile la kila siku, anamsuka mwalimu mmoja mwenye kichwa kigumu ndani na nje. Mumewe Barasa akaingia na kitita cha waya begani, kama mtu anayetoka kuvua nyoka.

Barasa ni fundi wa waya za magari. Mike, mtu wa Nairobi aliyekosa shughuli, alikuwa anafufua gari kuukuu la mashindano lililolala kwenye boma moja miaka na miaka, mbuzi wakizalia ndani. Alitaka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Teipu ya plastiki hakutaka hata kuiona. Zamani, alisema, waya zilivishwa uzi mweusi wa pamba, ukasukwa juu yake na kupakwa nta. Kila kitu kiwe orijino. Akiridhika, magari yake mengine yote angemletea Barasa, na Barasa alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi ya maana.

Barasa akamwambia mkewe, "Hizi ni nywele tu, Mama Ashley. Si wewe ni msusi?"

Jerusha akampigia simu Nyakong, msusi mwenzake wa Kakuma, mtu asiyekosa kitu. Uzi hakuutaja; akamwagiza tu ya kusuka, nyeusi, ndefu, na iwe orijino. Sasa, ukimwambia fundi wa magari orijino, atafikiria kiwanda. Ukimwambia msusi, atafikiria kichwa cha mtu. Jerusha alichukua neno la mumewe akalipeleka saluni. Mdomo uliponza kichwa, na hapa ulikiponza kweli.

Mzigo ulikuja na lori. Alipofungua mfuko, hakukuwa na uzi. Kulikuwa na nywele, ndefu kuliko za mtu yeyote wa huku, zimeshikana kama mboga iliyooza. Zilinuka mafuta ya kondoo yaliyochacha, na jasho, na maziwa yaliyosahaulika kibuyuni. Kwenye mizizi kulikuwa na vipande vyeupe vilivyolowa. Ngozi. Nywele zilizokatwa hazina ngozi.

Alitaka kuzichoma. Barasa akasema Mike anakuja kesho, uzi mwingine utatoka wapi, na gari halina pua. Wanaume ndivyo walivyo: kinachonuka kikishikwa na mke, hakinuki. Jerusha akazisuka juu ya waya, kinywa kimejaa mate, anatema kila baada ya mistari michache. Vidole viliteleza. Aliponawa kwa sabuni ya unga, harufu ikakaa pale pale. Akala chapati, akahisi unywele ulimini. Akauvuta. Ukatoka kooni. Akavuta tena, na bado ulikuwa unakuja.

Asubuhi Barasa akabeba waya kwenda nazo gereji. Jerusha akampigia Nyakong. Upande wa pili, Nyakong alinong'ona.

"Mama Ashley, wewe mwenyewe ulisema orijino."

Akaeleza kwamba mwanamke mmoja aliingia saluni na kitambaa kichwani, hakusalimia. Nyakong akachukua mkasi. Yule hakutaka mkasi. Akazing'oa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, fungu kwa fungu, huku anacheka.

"Damu haikutoka hata kidogo," Nyakong akasema. "Aliuliza tu nani atasuka. Mimi nikataja jina yako."

Jerusha alitoka mbio, leso mkononi. Jua lilikuwa utosini. Gereji ilikuwa kimya. Barasa amelala chali ndani ya gari, mkono umezama chini ya dashibodi. Betri ilikuwa chini, haijaunganishwa. Lakini waya zilikuwa na joto. Joto la mwili.

"Toa mkono, Baba Ashley."

"Hautoki," Barasa akasema, polepole, kama anayeogopa kusikiwa.

Akainama kutazama. Nywele zilikuwa zinamsuka. Zilipita katikati ya vidole, zikaingia chini ya kucha, zikatokea upande wa pili. Mistari ilikuwa minyoofu. Safi. Mafuta yalitiririka, tone moja likamdondokea Jerusha mdomoni. Lilikuwa na chumvi.

Akafungua pindo la leso, akatoa wembe wake wa kazi. Akakata. Hakuchagua waya wala ngozi. Mstari wa mwisho ulipoachia, kitu chini ya boneti kilishusha pumzi ndefu, kama mteja aliyefumuliwa msuko uliombana.

Wakachoma zote, Mike naye ameshafika, amesimama pale anatukana. Akalipandisha gari lake juu ya lori na kwenda zake, na kazi ikaenda naye. Barasa alibaki na mkono. Tuseme alibaki nao.

Maana kidole cha shahada kinaota uzi wa nywele, chini ya kucha, mweusi. Kila Jumapili kabla ya kanisa Jerusha huukata kwa wembe, uso ameugeuza pembeni. Ukikua tena hukutwa umesukwa, umepakwa mafuta mabichi, na ndani ya nyumba ile hakuna msusi mwingine. Jerusha anaapa si yeye. Yeye husuka kwa mkono wa kulia, na huo umesukwa kwa wa kushoto.

Jumapili iliyopita aliukata kama kawaida. Ulikuwa umeanza kuota mvi.