Kamera za Darasa la Tano

Soko la mji wa Ruse siku ya Jumamosi, msimu wa pilipili hoho, halina adabu. Watu husukumana, moshi wa hoho zinazochomwa huingia machoni, na wauza zabibu huitana juu ya vichwa vya wateja. Ralitsa, mwalimu wa hesabu, alikuwa akipenya katikati ya umati na mfuko wake wa hoho, gauni la kijani likimkaa vizuri na mwenyewe akijua, mwanamume aliyebeba boksi begani alipogeuka ghafla na kumpiga kikumbo. Hoho zikatawanyika hadi chini ya meza ya muuza jibini.

"Samahani sana, dada."

"Samahani haiokoti hoho. Inama."

Akatua boksi, akainama. Alikuwa mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kila hoho aliyoiokota aliifuta kwenye shati hilo jeupe.

"Umeharibu na shati sasa," Ralitsa alisema, akijizuia kucheka.

"Shati litafuliwa. Wewe nikikupoteza humu, nitakutafuta wapi?"

"Una maneno. Na humo ndani umebeba nini, maneno mengine?"

"Vishikwambi vya shule ya kule juu. Gari limeshindwa kupita, nimeliacha barabarani."

Shule ya kule juu ndiyo aliyofundisha Ralitsa. Mwanamume huyo, fundi wa vishikwambi hivyo, aliitwa Yavor, na hadi majani ya miti ya mtaani yanaanza kudondoka, kila mtu shuleni alikuwa amegundua kwamba vishikwambi vya darasa la tano, darasa la Ralitsa, huharibika kuliko vya madarasa mengine yote, na kwamba fundi huwa hana haraka ya kuondoka.

Jioni moja simu ya Ralitsa ililia.

"Umekula?"

"Nasahihisha."

"Sijauliza kama unasahihisha."

"Wewe ni fundi wangu au mama yangu?"

"Mama yako angekuletea banitsa ya moto iliyojaa jibini. Fungua mlango, mpenzi, niko hapa chini inapoa."

Ralitsa alivipenda vile vishikwambi pia, hilo halikuwa siri. Watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao wakiitwa ubaoni sasa walikata mkate kwenye kioo kwa kidole, nusu, robo, thumni, na hesabu za sehemu zikawaingia kichwani. Aysun, binti wa dereva wa basi, alikuwa mmoja wao. Hufikiri akitazama dirishani, kisha hugeuka na jibu.

Siku moja Mwalimu Mkuu, Bwana Genchev, akamwita ofisini na kumgeuzia kompyuta. Majina ya watoto yalikuwa yamepakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. La Aysun lilikuwa jekundu.

"Hawa wekundu hawasikilizi," alisema. "Baada ya likizo watahamia chumba chao, wasiwacheleweshe wenzao."

"Nani kasema hawasikilizi?"

"Kamera za vishikwambi. Zinafuata macho yao. Hukuambiwa? Muulize rafiki yako, ndiye aliyeziwasha."

Ralitsa alimpigia Yavor akiwa bado kwenye ngazi.

"Ni kweli kamera za watoto umeziwasha wewe?"

"Nani kakuambia?"

"Yavor, nimekuuliza."

"Niliambiwa wazazi wamekubali."

"Ukawauliza?"

"Sikuwauliza. Niliogopa, Rali. Ningeuliza maswali, kazi angepewa mwingine."

"Na mimi? Umekaa jikoni kwangu jioni zote hizo, umekula, umecheka, hukupata nafasi ya kuniambia?"

"Nilitaka..."

"Basi kazi yako unayo. Ikukumbatie hiyo." Akakata.

Usiku alilia, asubuhi akapitia duka la dawa. Darasani alimpa kila mtoto kipande cha plasta.

"Bandikeni kwenye kamera," aliwaambia. "Vishikwambi tutavitumia kama kawaida. Macho yenu ni yenu."

Saa ya mapumziko Bwana Genchev alikuwa mlangoni, uso umemwiva. "Bandua hizo plasta, Mwalimu, au andika barua ya kuacha kazi."

"Sibandui, na barua siandiki. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya wazazi."

Kikao cha wazazi kikajaa hadi watu wakakalia madirisha. Ralitsa alivaa lile gauni la kijani, akapaka na rangi ya mdomo, asije mtu akadhani amekuja kuomba msamaha. Bwana Genchev alikuwa bado anaeleza maendeleo ya shule, mlango ukafunguliwa akaingia Yavor, hajanyoa.

"Kamera niliziwasha mimi," alisema amesimama. "Zinawapima watoto wenu kwa macho. Niliambiwa mmekubali, na sikuuliza, kwa sababu nilipenda kazi yangu kuliko kuuliza. Leo kampuni imenifukuza kwa kusema nitakuja hapa. Nimekuja."

"Hili si suala la fundi," Bwana Genchev alisema.

"Ni langu basi," baba yake Aysun, ambaye Ralitsa alikuwa amemweleza yote mlangoni, alijibu akiinuka na sare yake ya kazini. "Mwanangu anawekwa chumba cha peke yake kwa kutazama dirishani? Nani aliniuliza?"

Baada yake hakuna aliyekaa kimya. Kikao kilipoisha, Bwana Genchev alikuwa ameahidi mbele ya wote kwamba kamera zitazimwa na hakuna mtoto atakayehamishwa. Ralitsa naye alipewa onyo la maandishi. Akalikunja, akatoka.

Yavor alikuwa amesimama nje ya geti.

"Sikuja ili unirudie," alisema.

"Vizuri, maana sijakurudia."

"Nimekukosa, Rali. Nyumba nzima imekuwa kimya."

Ralitsa alimsogelea. Hasira ilikuwepo bado, na mapenzi yalikuwepo, na hakuona kwa nini achague.

"Sikiliza," alisema. "Siku utakayoninyamazia tena kwa woga, nitakuacha mchana kweupe, na mtaa mzima utasikia sababu. Ukiweza kuishi na sharti hilo, nioe."

"Nikuoe? Sina kazi."

"Na mimi nina onyo. Nimekuuliza unaweza au huwezi."

"Naweza."

Ralitsa akamshika mkono. Wakati huohuo Bwana Genchev akatoka na mkoba wake, akawaona, akakohoa kwa nguvu. Yavor akataka kuuvuta mkono wake. Ralitsa akaushika kwa nguvu zaidi, akamtakia Mwalimu Mkuu usiku mwema.