Tapeti Zinazogonga

Foleni ya mafuta ilikuwa imefika mpaka barabarani, jua linachoma na watu wamenuna, pale mwanamke mwenye ovaroli ya bluu na kitambaa cha maua ya njano kichwani, dumu mkononi, alipogeuka kumtazama mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma yake.

"Kaka, resi zote hizo unamtisha nani?"

"Isije ikanizimikia, dada."

"Haizimiki. Unaimaliza tu. Ukivuta resi hivyo, valvu zinapiga vitako vyake, pale zinapokalia, mpaka vinalika. Unasikia hiyo ta-ta-ta?"

"Naisikia. Inaniudhi."

"Isikuudhi. Ni tapeti hizo, zinazosukuma valvu. Zikigonga kidogo ujue mwanya upo, valvu inafunga vizuri. Siku zikinyamaza ndiyo uje kwangu mbio."

"Kwako ndiyo wapi?"

Haya, yalianzia hapo. Kijana alikuwa mpeleka vifurushi, jaketi jeusi lililokatika zipu kalifunga kwa pini. Kutwa nzima anabisha milango ya watu. Wanapokea, wanatia sahihi, wanafunga. Hakuna aliyewahi kumwambia aingie.

Mwanamke gereji aliirithi kwa baba yake. Nyuma yake palikuwa na chumba chenye kitanda, jiko la gesi na redio aliyoiwasha ili pawe na sauti ya mtu. Mama yake mdogo alipopiga kumuuliza ataolewa lini, alijibu yuko bize. Bize ya wapi, na jioni anakula wima, sufuria mkononi?

Sasa akapata cha kusubiri. Kila jioni Resi, ndivyo alivyombatiza, naye akaitwa Fundi, alipita pale akitoka kazini. Ta-ta-ta ilianzia kwenye kona ya duka la mikate, na Fundi akishaisikia anafuta mikono, anaweka sawa kitambaa, anatoka mlangoni kama mtu anayepunga upepo tu. Hakuwahi kumwambia kwamba anamjua kwa mlio. Aliona ni kujirahisisha.

Mchana walipigiana simu, mpaka siku moja Resi alipopokea akiwa anaendesha.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Njiani. Nimekukumbuka, Fundi wangu."

"Nini?"

"Nasema nimekukumbuka."

"Sikusikii, bwana. Kila siku naongea na injini. Umenichosha, nitafute ukitulia."

Akakata. Nusu ilikuwa utani, lakini Resi aliibeba yote. Akaenda kwa fundi mmoja jirani na ghala lao la vifurushi, akamwambia azibane tapeti mpaka zinyamaze. Kwa Fundi wake hakwenda, alijua angemkatalia, na tena alitaka kumshtukiza. Injini ikatulia kabisa. Jioni akapita gerejini polepole, kifua mbele, akingoja asifiwe.

Fundi alikuwa ameinamia gurudumu, mgongo umeelekea mlangoni. Hakugeuka. Resi akaona haya kupiga honi, akaenda zake. Kesho yake hivyohivyo. Jioni baada ya jioni akapunguza mwendo, akautazama ule mgongo wa bluu, akajiambia, alisema nimemchosha, basi kashanichoka. Chumbani kwake akawa analala na viatu, hana hata hamu ya kuvivua.

Na Fundi, masikini, alikuwa ametega sikio mpaka linauma. Kila mlio ulikuwa wa mtu mwingine. Akaamini Resi kabadilisha njia. Aliishika simu, akairudisha mezani. Yeye ndiye aliyekata, na kiburi chake unakijua sasa. Akaongeza sauti ya redio.

Mchana mmoja pikipiki ikakosa nguvu, ikapigapiga, ikazima. Resi akaisukuma, akazipita gereji mbili zilizokuwa wazi, mpaka kwa Fundi.

"Habari za kazi."

"Nzuri," Fundi akajibu, kama anavyomjibu mteja yeyote. "Ina nini?"

"Kiki ya kuwashia imelegea. Nikiikanyaga inazama tu."

Fundi akafungua kifuniko cha valvu, akajaribu kupitisha geji, kile kibapa chembamba cha kupimia mwanya. Hakikuingia.

"Nani kazibana hivi?"

"Fundi wa kule ghalani. Nilimwambia mimi."

"Valvu haifungi, moto unapenya pembeni. Hii imeungua. Sikukwambia zikinyamaza uje mbio?"

"Ulisema hunisikii. Nilitaka nikipiga simu unisikie."

Mikono ya Fundi ikasimama.

"Ilikuwa lini?"

"Siku ileile. Jioni nikapita nikuonyeshe. Nimepita kila siku, Fundi. Hukuinua hata kichwa."

"Ulikuwa unapita?"

"Mpaka jana. Nina kwingine kwa kupita?"

Fundi akakaa juu ya kreti. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye oili, doa likabaki shavuni.

"Mimi nakujua kwa mlio," akasema. "Tangu pale duka la mikate. Nilikuwa nakaa hapa nasubiri zigonge."

Resi akachuchumaa mbele yake. Kila mtu akazihesabia hasara zile jioni zake.

"Valvu mpya lazima iagizwe," Fundi akasema mwishoni. "Itachelewa."

"Nitakuja kwa miguu. Utanijuaje, na sina cha kugonga?"

"Bisha hodi, kama watu."

Jioni iliyofuata redio ilikuwa imezimwa na mezani pana sahani mbili. Resi alisimama mlangoni bila kifurushi, hajui mikono aiweke wapi.

"Hodi."

"Karibu," Fundi akasema. Akamwona bado amesimama palepale kizingitini, kwa mazoea. "Karibu ndani, Resi. Ingia."